Casio fx-991ES PLUS kwa anayehangaika na kufaktoraizi, rivyu ya mwalimu wa tuisheni

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Kama una kijana anasoma PCM, EGM au PGM (michepuo ya advansi yenye hesabu), au wewe mwenyewe unarudia hesabu, Casio fx-991ES PLUS nunua, hela yako haijapotea. Ila usiinunue kwa ajili ya ile EQN, modi ya kutatua milinganyo, ambayo kila muuzaji pale Kariakoo anakubonyezea haraka haraka uone majibu yanavyotoka, inunue kwa ajili ya TABLE, modi ya kutengeneza jedwali, ambayo vijana wengi niliowafundisha wanafika fomu siksi hawajawahi hata kuifungua. Na rivyu hii naielekeza kwenye kitu kimoja tu, kufaktoraizi polinomia na kutatua milinganyo yake, maana mashine ina fankisheni 417 na nikisema niziguse zote tutakesha hapa.

Tuelewane kwanza kwanini watu wanafaktoraizi, yaani kuvunja polinomia (hesabu yenye x, x², x³ na kuendelea) iwe vigawo vinavyozidishana, sababu naona madogo wengi wanafanya tu kwa kuwa mwalimu kasema. Ukizidisha vitu viwili ukapata sifuri, lazima kimojawapo ni sifuri, hakuna ujanja mwingine. Kwahiyo x² − 5x + 6 = 0 ukiigeuza kuwa (x − 2)(x − 3) = 0 tayari umemaliza kazi, x ni 2 au x ni 3, umechukua mlinganyo mmoja mgumu ukaupasua ukawa miwili ya darasa la saba. Nguvu yote ipo kwenye ile sifuri. Ndo maana nikimpa mtu (x − 2)(x − 3) = 6 halafu akaandika x − 2 = 6 au x − 3 = 6 najua hajaelewa bado, hapo inabidi ufungue mabano, upeleke 6 upande huu, utapata x² − 5x = 0, yaani x(x − 5) = 0, majibu ni 0 na 5. Na hapo hapo kuna mtu atagawanya kwa x pande zote abaki na x = 5 peke yake, lile jibu la sifuri limeondoka na maki zake. Hivi vitu kalkuleta yoyote duniani haitakufundisha, hivyo mzazi usidhani ukishalipa dukani umemaliza.

Kwa kwadratiki, ile ya x² yaani digrii ya pili, una fomula, ukishindwa kufaktoraizi unakimbilia huko unapona. Ila ukipanda digrii ya tatu mambo yanabadilika. Kanuni ya digrii ya tatu ipo, Cardano, Mwitaliano, aliichapisha mwaka 1545, lakini ni ndefu na inachosha kiasi kwamba shuleni hawaigusi kabisa, na ukifika digrii ya tano Abel, mwanahesabu wa Norway, alishathibitisha mwaka 1824 kwamba hakuna kanuni ya jumla ya kutumia jumlisha, toa, zidisha, gawanya na vipeuo ikakupa majibu ya milinganyo yote ya hiyo digrii. Kwahiyo mwanafunzi wa advansi akikutana na kyubiki, yaani hiyo ya digrii ya tatu, kwenye karatasi, silaha yake ni kutafuta kigawo kimoja, agawanye, abaki na kwadratiki. Na hapa ndo kalkuleta inapoingia.

Nianze na EQN maana ndo inayojulikana. Unabonyeza MODE, unachagua 5, inakuletea chaguo nne, ya 3 ni kwadratiki na ya 4 ni kyubiki. Unaingiza koefishenti (namba zinazokaa mbele ya x, na ile ya mwisho) moja moja unabonyeza = mpaka majibu yanatokea. Weka 1, −5, 6 utapata 3 na 2. Raha yake hii ES PLUS ukiwa kwenye Math (mpangilio wa kuonyesha hesabu kama zinavyoandikwa daftarini) inakupa sehemu na vipeuo kama vilivyo, sio desimali ndefu. Mfano 6x² + x − 12 inakupa 4/3 na −3/2, na hapo unaweza kurudi kinyume ukajenga vigawo, x = 4/3 maana yake 3x = 4 yaani (3x − 4), x = −3/2 ni (2x + 3). Zidisha uhakikishe, 6x² + 9x − 8x − 12, imekaa.

Sasa mitego, na hii ndo sehemu inayowaliza watu.

Kwanza mashine inakupa mizizi, yaani zile x zinazofanya polinomia iwe sifuri, haikupi vigawo. Weka 4x² − 6x − 4, utapata 2 na −1/2. Dogo anaandika (x − 2)(2x + 1) anafunga daftari. Fungua mabano uone, inatoka 2x² − 3x − 2, nusu ya swali. Kuna 2 ya mbele imepotea, jibu sahihi ni 2(x − 2)(2x + 1). Kama swali linasema tafuta x hutaona tofauti, ila swali likisema faktoraizi umekosa. Mizizi ya polinomia haibadiliki ukiizidisha yote kwa 2 au kwa 100, kwahiyo mashine haina namna ya kukukumbusha ile namba ya mbele, ni kazi yako kulinganisha.

Pili mizizi inayojirudia. Weka x² − 6x + 9 inakuletea X = 3, basi, moja tu. Aliyezoea kuhesabu majibu atadhani amekosea kuingiza, na asiyezoea ataandika (x − 3) akasahau kuweka mraba. Kwenye kyubiki ndo balaa zaidi, x³ − 3x + 2 inakupa namba mbili, 1 na −2, sasa ipi inajirudia? Hapo angalia namba ya mwisho. Ukiweka (x − 1)²(x + 2) namba ya mwisho inatoka 2, sawa na swali. Ukiweka (x − 1)(x + 2)² inatoka −4, siyo. Umemaliza kwa kichwa tu bila kugawanya chochote. Na usisahau hapo pa x² hakuna kitu, lazima uingize 0, ukiruka hiyo nafasi unatatua swali la mtu mwingine.

Tatu ile herufi i, yaani kipeuo cha −1. x² − 4x + 13 inakuletea 2 + 3i na 2 − 3i. Kwa fomu siksi hiyo ni poa, wameshafika kwenye namba changamano, ila kwa wa kidato cha pili au cha tatu maana yake ni kwamba hiyo haifaktoraiziki kwa namba anazozijua, aache kuhangaika. Na ikitoka na kipeuo, mfano x² − 4x + 1 inatoa 2 + √3 na 2 − √3, nayo haipasuki kwa namba nzima hata ukae nayo mpaka asubuhi. Hii naipenda sana kwenye kalkuleta kwa kweli, inakwambia mapema kama kuna maana ya kutafuta zile namba mbili au uende kwenye fomula moja kwa moja.

Haya twende kwenye TABLE. MODE, 7. Inakuuliza f(X), unaandika polinomia yako yote, X unaipata kwa ALPHA na kile kitufe cha mabano ya kufunga. Kama yako inauliza na g(X) iache, bonyeza = upite. Halafu Start, End, Step. Chukua 2x³ − 3x² − 11x + 6, weka kuanzia −3 mpaka 3, Step 1. Inakuletea jedwali zima, kwenye −3 unapata −42, kwenye −2 unapata 0, kwenye −1 ni 12, kwenye 0 ni 6, kwenye 1 ni −6, kwenye 2 ni −12, kwenye 3 ni 0.

Angalia kilichotokea. Sifuri mbili hizo hapo, −2 na 3, kwahiyo (x + 2) na (x − 3) ni vigawo, na hiyo ndo ile teoremu ya vigawo mwalimu aliyoiandika ubaoni kwa f(a) = 0 watu wakanakili bila kuiona. Sasa wameiona kwa macho. Halafu cheki kati ya 0 na 1, namba imetoka 6 ikaenda −6, imevuka sifuri katikati, maana yake kuna mzizi mwingine umejificha hapo na sio namba nzima. Na huhitaji kubahatisha, (x + 2)(x − 3) ni x² − x − 6, ili ufike 2x³ lazima kigawo kilichobaki kianze na 2x, na ili −6 izae 6 lazima kiishie na −1, kwahiyo ni (2x − 1). Mzizi wa tatu ni nusu. Rudia jedwali kwa Step 0.5 utaiona sifuri yake imekaa pale pale.

Unaona tofauti? EQN ingekupa 3, −2 na 1/2 ukaandika ukasonga. TABLE imekuonyesha polinomia inavyotembea, inapanda wapi inashuka wapi, inakata mhimili mara ngapi, na siku ya kuchora grafu una pointi zote tayari. Mwanafunzi aliyekaa na TABLE mwezi mmoja anaanza kukisia mizizi kabla hata hajabonyeza, anaangalia namba ya mwisho ni 6, anajua wagombea ni 1, 2, 3, 6 na hasi zao, na kwa sababu mbele kuna 2 anaongeza nusu na moja na nusu. Huyo hata umnyang'anye kalkuleta anafaktoraizi.

Halafu EQN ya hii mashine inaishia digrii ya tatu, TABLE haina mpaka huo. Weka x⁴ − x³ − 7x² + x + 6 kuanzia −3 mpaka 3, sifuri zinatokea kwenye −2, −1, 1 na 3, vigawo vyote vinne umeviokota kwa mkupuo. Kuna na SHIFT SOLVE, hiyo inatafuta kwa njia ya Newton, ya kukisia na kusogea karibu hatua kwa hatua, unaipa pa kuanzia inakupa mzizi mmoja, ukitaka mwingine uanzie sehemu nyingine. Siipendi kwa kazi hii, mtu akishapata mzizi mmoja anasahau kama kuna mingine. Kwa milinganyo yenye sini na logi hapo sawa, ila kwa polinomia nenda TABLE.

Kingine ambacho sijaona wengi wakikitumia. Ile njia ya kupasua namba ya katikati, chukua 12x² − x − 20. Unatafuta namba mbili, ukizizidisha upate −240 (yaani 12 × −20) ukizijumlisha upate −1. Kwa kichwa inachukua muda hasa mtihani ukiwa umebana. Hizo namba mbili zenyewe ni mizizi ya kwadratiki nyingine, t² + t − 240 = 0 (ishara ya ile jumla inageuka, angalia hapo vizuri), ingiza 1, 1, −240 kwenye EQN inakupa 15 na −16. Rudi kwenye daftari, 12x² − 16x + 15x − 20, toa 4x mbele, toa 5 nyuma, inakuwa 4x(3x − 4) + 5(3x − 4), yaani (4x + 5)(3x − 4). Hapo umeandika hatua zote kwa mkono wako na msahihishaji anaziona, mashine imekusaidia kutafuta tu. Na kama hutaki EQN, andika 240, bonyeza =, halafu SHIFT na kile kitufe cha digrii na dakika chenye FACT juu yake, inakuvunjia kuwa 2⁴ × 3 × 5, unapanga mwenyewe makundi mawili mpaka tofauti iwe 1, 16 na 15.

Hapa lazima niseme la mitihani maana wazazi wanauliza sana. Karatasi ya Hesabu ya kidato cha nne ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kalkuleta haiingii, wanaruhusiwa vitabu vya majedwali. Kwahiyo mtoto wa kidato cha kwanza mpaka cha nne asizoee kuishi na hii kitu, aitumie nyumbani kuhakiki akishamaliza swali kwa mkono, basi. Advansi ndo wanaruhusiwa kalkuleta isiyo ya kuprogramu, na fx-991ES PLUS haiprogramiki kwahiyo iko salama, ila soma maelekezo ya mwaka wako usije ukategemea maneno yangu. Na hata huko advansi majibu matupu hayakupi maki zote, kuna maki za njia, mtu akiandika x = 3, −2, 1/2 bila kuonyesha f(3) = 0 wala kugawanya, msahihishaji hana pa kuweka vema. Mashine yenyewe haionyeshi hatua hata moja, hilo ulijue kabla hujalipa, anayetaka kuonyeshwa hatua atafute mwalimu au programu ya simu.

Kuhusu matoleo mengine. fx-82MS ile ya bei chee haina EQN wala TABLE, kwa kazi hii haikusaidii zaidi ya kujumlisha. fx-991MS imejaa mitaani, kaka zetu wengi wamesomea hiyo na bado inadunda, ina EQN ya kwadratiki na kyubiki lakini haina TABLE, na kwa namba changamano inakuonyesha sehemu moja kwanza, kuna kialama kidogo cha R⇔I juu ya kioo, asiyekiona anaandika 2 akadhani ndo mzizi wakati jibu ni 2 + 3i. Kama unayo hiyo wala usinunue nyingine, jifunze tu kukiangalia kile kialama.

Ila sikiliza hii mzazi ambaye hela imebana: fx-82ES PLUS, ambayo ni rahisi kuliko 991, haina EQN ila TABLE inayo, ni MODE 3. Kwa kufaktoraizi peke yake mi naona inatosha kabisa, na kwa mtoto anayejifunza naona ni bora hata, maana haina njia ya mkato, lazima aitafute sifuri mwenyewe kwenye jedwali. Ukimuongezea hela kidogo akaenda 991 atapata matriksi, vekta, namba changamano na hesabu za kalkulasi ambazo PCM atazihitaji, kwahiyo kwa advansi bado nasema 991.

Na kuna fx-991EX, ile ClassWiz, kioo kizuri zaidi na menyu ya picha, inatatua mpaka digrii ya nne na milinganyo ya pamoja mpaka herufi nne. Nzuri sana, kama hela ipo chukua. Kwa anayefika chuo uhandisi ningemwambia aruke moja kwa moja huko. Kwa polinomia za shule lakini, digrii ya nne unazipata chache na nyingi zinashuka zenyewe, x⁴ − 5x² + 4 ukiweka u = x² ni kwadratiki ya kawaida, u ni 1 au 4, x ni 1, −1, 2, −2.

Mwisho ni feki, zipo nyingi sana na zinafanana kwa rangi, kwa boksi, kwa kila kitu. Nilishauziwa moja kwenye duka fulani nisilolitaja, majibu ilikuwa inatoa sahihi ila vitufe vilianza kugoma mapema, unabonyeza 3 inaingia mara mbili, na kwenye EQN koefishenti moja ikiingia vibaya jibu lote ni takataka na hutajua. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine jiulize. Nunua kwa mtu mwenye risiti na anayekubali kurudishiwa, na usione aibu kuijaribu hapo hapo kaunta, bonyeza kila kitufe kimoja kimoja usikie kinavyorudi, halafu ingia MODE 5, 4, weka 1, 0, −3, 2 uone kama inakupa namba mbili, 1 na −2. Kisha MODE 7, weka 2X³ − 3X² − 11X + 6 kuanzia −3 mpaka 3, sifuri mbili zitokee kwenye −2 na 3. Zikitokea na vitufe viko imara, lipa.